Remoti ya jirani inazima TV yangu: hivi hizi brandi tunazonunua mwenye mali ni nani?

Mpangaji wa Tandika

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mwenzenu kuna kitu kinanikereketa tangu Jumamosi na kila ninayemuuliza ananijibu lake, nikaona nilete hapa kwa wajuzi.

Mwaka jana nilijichanga nikaenda Kariakoo kununua TV inchi 43. Kuna moja ikanivutia, jina la kizungu kabisa, boksi lina vibendera na maandishi ya kujisifia teknolojia ya Ulaya, muuzaji akaniambia kaka hii siyo Mchina hii ndio maana iko juu kidogo. Nikaongeza elfu themanini nikapanda nayo bodaboda nimeikumbatia kama mgonjwa anapelekwa Temeke. Sawa. Mwezi uliopita jirani yangu, mlango wake unatazamana na dirisha langu, naye akanunua yake, jina lingine kabisa, hilo la kwake ukilitamka unaona hapa kuna Mjapani.

Sasa Jumamosi tunaangalia mpira, dakika za lala salama, TV yangu ikazima puu. Nikajua luku imeisha, naangalia taa inawaka. Nawasha, inakaa kidogo inazima tena. Natoka nje kufoka namkuta jirani kashika remoti anahangaika na TV yake imeganda, kila akibonyeza kuizima ya kwake inayotii ni ya kwangu! Tukajaribu kwa makusudi, remoti yake inapandisha sauti yangu, inabadilisha chaneli, kila kitu, na ya kwangu nayo inaiendesha ya kwake. Yaani Mzungu na Mjapani wanashea remoti.

Tulibishana barazani mpaka saa sita usiku. Shemeji anasema zote za Mchina mmoja. Jirani anasema hapana, Mchina anatengeneza tu, mwenye mali ni Mjapani. Ikahamia kwenye simu, shemeji huyo huyo anakomaa Tecno ni ya Wanaijeria, mwingine anasema Nokia ilishakufa zamani hizi za sasa ni mzimu. Naomba kujua, ipi ni ya nani kweli kweli? Na kuna hata moja ambayo mwenyewe ni Mtanzania? Maana nataka kuchukua sabufa na friji kabla mwaka haujaisha na sitaki tena kulipia bendera.

chapa_ilale

"Kulipia bendera" 😂😂 umeniua mkuu. Nimeweka kigoda hapa nasubiri wajuzi.

Fundi Risasi

Mkuu pole ila kwangu hiyo ni habari ya kila siku, niko mezani tangu enzi za TV za chogo.

Ngoja nikwambie kilichopo mgongoni mwa hizo TV zenu. Ukifungua mfuniko unakuta vitu vitatu tu vya maana, paneli yenyewe, taa za nyuma yake ambazo sisi tunaita baklaiti, na bodi moja imebeba kila kitu, pawa saplai humo humo, antena humo humo, HDMI humo humo. Hiyo bodi tunaiita yunivesali. Ina namba imechapwa kwa rangi nyeupe, mara nyingi inaanza na TP halafu nukta halafu herufi na tarakimu. Kuna viwanda vichache tu China vinamwaga hizo bodi kwa majina chungu nzima, na programu ya ndani inakuja na kodi za remoti za kiwanda, mwenye jina asipotaka kuhangaika kubadilishiwa zinabaki zile zile. Kwa hiyo TV yako na ya jirani ni baba mmoja mama mbalimbali, lazima ziitikie wito mmoja.

Wiki hii hii nilikuwa na mbili mezani, majina tofauti. Moja mtoto kairushia kikombe paneli imepasuka katikati kama utando wa buibui, mwenyewe kaniachia nitoe spea. Nyingine bodi imeungua, umeme ulikatika ukarudi kwa hasira. Nikanyofoa bodi ya ile iliyopasuka nikaipachika huku, nikaweka sawa mpangilio wa paneli, ikawaka safi kabisa, ila ikaleta nembo ya ile marehemu. Mteja kaja kuchukua anaiangalia inawaka ananiuliza fundi mbona TV yangu imebadili dini. Nimemwambia aende nayo tu, waumini ni wale wale.

Na usidhani ni hizi za bei chee peke yake. Fungua Samsung ya LCD hizi mpya unaweza kukuta paneli imeandikwa BOE, CSOT au HKC, zote za Kichina, maana Samsung wenyewe waliacha kutengeneza paneli za LCD mwaka 2022. Na hiyo CSOT ni ya TCL. Kwa hiyo mtu ana Samsung sebuleni anatamba, kumbe kioo kimetoka nyumbani kwa mshindani wake. Tofauti yake ni kwamba Samsung programu ni yake, modeli ina namba inayoeleweka, na ukitafuta spea baada ya miaka minne unajua uanzie wapi. Hizi zenu ukiniletea nisipokuwa na marehemu dukani mjue imekula kwenu.

Mpangaji wa Tandika

Duh. Fundi, kwa hiyo ile bendera kwenye boksi ni nini?

Fundi Risasi

Wino.

Karani wa Hisa

Fundi kamaliza ya ndani mimi niongeze ya makaratasi. Hapa kuna makundi mawili watu wanayachanganya.

Kuna majina ambayo huko yanakodai kutoka hayajulikani kabisa, yametungwa ili yasikike kizungu, hayo fundi kashayazika. Halafu kuna majina ya kweli, yenye historia, ila mwenye nalo kachoka na biashara kauza au kakodisha. Hili la pili ndilo linalowapiga chenga hata wasomi.

Chukua Toshiba. Jina la Kijapani kwelikweli, ila kampuni ilipata msukosuko mkubwa wa fedha ikaanza kuuza vyombo vya ndani. Mwaka 2016 upande wa mafriji na mashine za kufulia asilimia 80.1 ikachukuliwa na Midea ya China. Mwaka uliofuata ikatangazwa TV nazo zinakwenda kwa Hisense, asilimia 95, na kote kote makubaliano yanampa Mchina haki ya kulitumia jina la Toshiba miaka 40. Kwa hiyo leo ukiwa na friji ya Toshiba na TV ya Toshiba, sebule yako ina jina moja na mabosi wawili tofauti ambao huko China wanagombania wateja. Sharp ile ya kina baba zetu, tangu 2016 ni ya Foxconn ya Taiwan, hao hao wanaounganisha iPhone. Philips ndio kabisa, TV za Ulaya walianza kuziachia kwa kampuni ya TPV mwaka 2012, halafu 2021 wakauza na pasi na blenda na mashine za kahawa kwa wawekezaji wa Hillhouse, wao Waholanzi wakabaki zaidi na vifaa vya hospitali. Ukipiga pasi ya Philips hapo jina limekodishwa.

Motorola, ambao mtu wao Martin Cooper ndiye aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi 1973, Google aliinunua 2012 kwa dola bilioni 12.5 akaitoa kwa Lenovo ya China 2014 kwa bilioni 2.91, sijui kama kuna mtu kawahi kula hasara ya namna hiyo akaendelea kucheka (najua najua, Google alibaki na hakimiliki nyingi za uvumbuzi na kuna vipande vingine aliuza mbali, msije kunirukia). JBL unayotaka kununua sabufa yake ni ya Harman, Wamarekani, ila Harman yenyewe ilinunuliwa na Samsung 2017 kwa dola bilioni 8. Kwa hiyo JBL kwa sasa ni Mkorea, ile ORIJINO maana zile za barabarani baba yao hajulikani.

Nokia siyo mzimu. Biashara ya simu Microsoft aliinunua 2014 ikamshinda, 2016 kampuni mpya ya Finland inaitwa HMD ikaundwa na wengi wao ni watu waliotoka Nokia, wakakodi jina. Nokia yenyewe ipo hai inauza mitambo ya mitandao, minara, huko ndiko pesa iliko. Sema ile Nokia ya tochi, 1100, ya mwaka 2003, hiyo ilikuwa ya mwenyewe hasa.

dogo wa Aggrey

Mimi niongelee Tecno maana nauza simu kila siku na hili swali la Nigeria naulizwa mara kumi kwa wiki 😅

Tecno, itel na Infinix ZOTE ni za mtu mmoja, kampuni inaitwa Transsion, ipo Shenzhen China. Mteja anakuja anasema sitaki Tecno nipe Infinix, mimi nampa tu. Oraimo ya chaja na spika ni yao. Carlcare unakopeleka kutengeneza ni yao. Syinix ya TV na friji ni yao. Hata Boomplay unayosikilizia muziki ilianzia kwao wakaungana na NetEase, kampuni ya mtandao ya huko huko China. Mwanzilishi Zhu Zhaojiang alikuwa mtu wa mauzo kwenye kampuni ya simu inaitwa Ningbo Bird, akazunguka akaiona Afrika, 2006 akaanza na ya kwake na 2008 wakaamua nguvu zote ziende Afrika.

Shemeji wa mtoa mada simlaumu kwa sababu kule China kwenyewe ukiitafuta Tecno dukani unaweza usiipate. Ni kampuni ya Kichina ambayo jina lake Mchina wa kawaida halijui, wateja wake ni sisi. Kiwanda walifungua Ethiopia 2011. Soko la hisa wakaingia Shanghai Septemba 2019.

Na mimi nawatetea kidogo. Wakati wakubwa wanatuuzia simu ya laini moja kwa bei ya ng'ombe, hawa walileta laini mbili kwa sababu waliona mtu anatembea na laini tatu kwenye pochi anabadilisha kila akitaka kupiga. Betri inakaa siku mbili kwa sababu walijua kijijini unachaji kwa kulipia. Kamera wakaitengeneza ikuone mtu mweusi usiku, siyo meno tu. Sasa aliyekuwa anatujali hapo ni yupi?

mzalendo_halisi

Dogo usitetee. Kutujali ni kujua mfuko wetu una nini. Simu ikija ina programu kumi zimejazwa humo huwezi hata kuzifuta, matangazo yanaruka kila ukiifungua, hiyo ndiyo malipo yake. Miaka 60 ya uhuru na zaidi hatuna redio yetu, hatuna pasi yetu, hatuna hata remoti yetu. Enzi za Mwalimu tulikuwa na redio zimetengenezwa hapa hapa, leo tunagombania bendera za maboksi. Aibu.

Babu Betri Juani

Mzalendo mjukuu wangu umenigusa na mimi ndio mwenye hizo kumbukumbu, lakini ngoja nikurekebishe kidogo.

Redio zilikuwepo. Kulikuwa na National, kiwanda kilikuwa Dar es Salaam, kilianza 1966, kinatengeneza redio na betri. Na Philips walikuwa Arusha wanaunganisha redio. Nyumbani kwetu Kilosa redio ya National ilikaa juu ya kabati imevishwa kitambaa cha kufuma, haiguswi na mtoto, na betri zake zikianza kuchoka mama anazitoa anazianika juu ya bati mchana kutwa, jioni zinarudi zimepata moto unatosha taarifa ya habari saa mbili na mpira kama bahati ipo. Ukisikia sauti inaanza kuvuta kama mlevi ujue jua la leo limeisha. Zile betri kila mtu anajua zilitengenezwa hapa.

Lakini mwenye mali? National ni Matsushita wa Osaka Japani, hao ndio Panasonic wa leo. Philips ni Waholanzi. Kwa hiyo hata wakati ule jina halikuwa letu. Ila binamu yangu alifanya kazi pale kwenye betri miaka mingi, kajenga, kasomesha, na alikuwa anakuja likizo na katoni ya betri anagawa ukoo mzima kama sukari. Hilo ndilo ninalolikumbuka mimi, jina la Mjapani, mshahara wa binamu.

mzalendo_halisi

Shikamoo babu. Hapo nimekuelewa, nilikuwa najua National ilikuwa ya serikali.

Mama Kontena

Naona wanaume mnalia hamna brandi ya Mtanzania. ZIPO. Mnazo sebuleni hamjui.

Mimi nilikuwa kwenye biashara hii miaka saba, nilikuwa naleta sabufa, blenda na pasi. Nawaambia inavyokuwa. Unapanda ndege mpaka Guangzhou, au unakwenda maonesho ya Canton yale ya mara mbili kwa mwaka, au unaingia mjini Foshan na Zhongshan viwandani kabisa. Unaingia chumba cha sampuli, sabufa zimepangwa ukutani kama viatu, hazina jina hata moja, pale mbele ambapo nembo inakaa pako wazi. Unachagua, unabonyeza vitufe, unaongeza besi mpaka dirisha linatetemeka. Halafu yule dada wa mauzo anakuuliza kwa upole, jina?

Ndio hapo sasa. Unatakiwa uwe na jina. Mimi nilikaa hotelini usiku mzima na dada yangu tunatunga majina, tulitaka kuweka jina la marehemu bibi yetu, dada akasema hakuna mtu Kariakoo atanunua sabufa inaitwa jina la bibi wa Kondoa. Tukatunga kineno cha kizungu hakina maana yoyote. Kesho yake wakatuonesha kwenye kompyuta boksi limeshachorwa, rangi nyekundu na nyeusi, na yule dada akauliza mnataka tuweke bendera ya nchi gani. Nawaapia. Akatoa orodha.

Nikirudi nasajili jina BRELA, wale wakala wa kusajili biashara, na kwa mzigo unaokwenda Zanzibar unasajili tena kule maana usajili wa bara haufiki visiwani, halafu kontena la futi 40 linakuja limejaa. Kwa hiyo brandi ile ilikuwa ya nani? Ya kwangu mimi, mwanamke wa Kitanzania, kwa karatasi kabisa. Na wapo wenzangu wengi Kariakoo majina yao unayajua, yako kwenye TV, kwenye jiko la gesi, na wateja wanaapa ni la Uingereza. Mimi nililipa elfu moja na mia mbili ya kichapisho kile cha bendera kwa kila boksi nikaongeza bei elfu kumi. Mtoa mada nisamehe kama mmojawapo ni wewe 🙏

Mpangaji wa Tandika

Mama shikamoo. Kwa hiyo pengine TV yangu ya Ulaya ni ya mtu wa Kondoa?

Mama Kontena

Marahaba mwanangu. TV sikuwahi kuleta, usinitafute 😄

chapa_ilale

Mama kwa nini ulikataa jina la bibi, mimi ningenunua.

Mama Kontena

Wewe ungenunua moja. Kontena lina mia tisa. Nilishawahi kujaribu blenda na jina la Kiswahili, nusu kontena nzima, zilikaa stoo mpaka nikazitoa kwa bei ya hasara. Mteja anaishika, anasoma jina, anairudisha, anachukua ya pembeni yake imetoka kiwanda kile kile laini ile ile. Muuzaji wangu akaniambia mama, mtu akiona Kiswahili anadhani imetengenezwa gerezani. Mnanilaumu mimi na bendera, mjilaumu na nyie macho yenu.

Mkazi wa Luthuli

Salaam kutoka Nairobi. Hii maneno ya jina tunaijua vizuri huku. Ramtons na Von ni za Wakenya, na hawajifichi, kila mtu anajua na bado watu wananunua, kwa sababu ukiharibikiwa unajua duka liko wapi, unaenda hapo unalia na mtu unamuona. Nadhani siri iko hapo kushinda bendera.

Kuhusu simu, serikali yetu iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa simu za kutoka nje 2022, halafu Oktoba 2023 Rais Ruto akafungua kiwanda cha kuunganisha simu hapo Athi River, ni ushirikiano wa Safaricom na Jamii Telecommunications na kampuni ya Kichina ya TeleOne. Simu inaitwa Neon, ya bei ya chini ilianzia shilingi 7,499 za kwetu. Watu wakasema mwishowe simu ya Kenya. Sasa ukiangalia, vipande vyote vinaingia kwa boti, hapo vinafungwa skrubu, vinapimwa, vinatiwa kwa boksi. Lakini wale vijana wa kufunga skrubu wanalipwa Athi River, hilo siwezi kulidharau, na ni yale yale babu anasema ya binamu yake.

Rwanda nao mnakumbuka Mara Phones? Kagame alifungua kiwanda Kigali Oktoba 2019, Mara X na Mara Z, mwenye kampuni Ashish Thakkar, mfanyabiashara wa Uganda. Hiyo hawakuishia kufunga skrubu, walikuwa wanatengeneza mpaka bodi. Tatizo ni bei, ile ya chini ilikuwa dola 130 hivi na mtu anaweza kupata Tecno kwa nusu ya hiyo. Durban, Afrika Kusini, walikuwa na kingine, kikafungwa, mitambo ikapigwa mnada 2022. Uzalendo ukifika kwa kaunta unauliza bei kama kila mtu.

Kivu mpaka Kentucky

Jambo ndugu. Miye natoka Bukavu, sasa niko Louisville, Kentucky, hapa tuko Wakongomani wengi. Nasoma hii maneno yenu nacheka peke yangu kwa sababu miye nafanya kazi ndani ya hiyo hadithi kabisa.

Hapa kuna kiwanda kikubwa, Appliance Park, tangu miaka ya 1950, ni kikubwa mpaka kina namba yake ya posta peke yake. Wanatengeneza mafriji, mashine za kuosha vyombo, za kufua nguo. Jina juu ya mlango ni GE, ile ya Marekani yenyewe. Lakini tangu 2016 mwenyewe ni Haier, Wachina wa Qingdao, walitoa kama dola bilioni 5.6, na jina la GE wamepewa kulitumia miaka 40, kama huyu karani alisema ya Toshiba. Miaka 40 naona ndiyo bei ya kawaida ya jina la mtu.

Laini yangu miye nafunga milango ya mashine ya kuosha vyombo. Kando yangu kuko mama wa Kuba, kando yake kuko mzee Mmarekani ana miaka 31 humu ndani, alianza wakati mwenye kiwanda alikuwa Mmarekani. Nilimuuliza siku moja, mzee, ulisikia nini siku Mchina alinunua? Alisema hakusikia kitu, kengele ya chakula ililia saa ile ile. Wazee wa hapa wanakuambia TV ya mwisho ya Wamarekani ilikuwa Zenith ya Chicago, LG wakainunua 1995, na RCA ilikwenda kwa Wafaransa wa Thomson miaka ya 80. Wananunua hivyo hivyo, RCA bado iko dukani, imebaki jina tu linatembea kutoka mkono hadi mkono.

Kwa hiyo ninyi mnalia jina si lenu. Hapa Wamarekani jina ni lao, mali si yao, na kazi tunafanya sisi watu wa Bukavu.

mzalendo_halisi

Huyu wa Kentucky anifungulie uzi wake mwenyewe, naomba admini apin hii.

Karani wa Hisa

Kivu umesema kitu ambacho ndicho ningemjibu mtoa mada. Swali la mwenye mali ni nani lina maswali matatu ndani yake, jina la nani, pesa inakwenda kwa nani, na ukipata tatizo unamshika nani. Mwekezaji wa Shanghai anajali la pili. Wewe mpangaji mwenye friji linalovuja unahitaji la tatu tu. Mimi friji yangu jina lake ni kubwa dunia nzima, iliharibika kompresa ndani ya waranti nikazungushwa miezi minne na duka lililoniuzia, mara leta risiti, mara fundi kasafiri, mara spea iko bandarini. Mke wangu akauza ndizi mbivu zote kwa majirani kabla hazijaoza. Jina kubwa halikuja kunisaidia kula ndizi.

dogo wa Aggrey

Kabla ya kulipa mwambie muuzaji akuoneshe kituo cha huduma kilipo hapa mjini, siyo karatasi, akutajie mtaa. Akianza kusema "kaka hii haiharibiki" weka pesa mfukoni.

Fundi Risasi

Na angalia namba ya modeli nyuma ya kitu, itafute mtandaoni. Ikiwa haipo popote duniani zaidi ya kwenye boksi lako, unajua ni ya mama yupi 😂 Kwa friji mimi ningekushauri uangalie kompresa kuliko stika, muulize fundi friji wa mtaani kwenu ni kompresa zipi anazo stoo, ununue friji ambayo fundi wako ana spea zake. Ndoa ni na fundi siyo na kampuni.

Hilo la remoti ni dogo. Lile jicho la kupokea mwanga wa remoti liko chini ya kioo, upande wa kulia au katikati, kitundu cheusi. Kata selotepu nyeusi ndogo bandika juu yake, acha upenyo mwembamba, itapokea ukiwa karibu tu.

Mpangaji wa Tandika

Asanteni sana wakuu, babu, mama, na ndugu wa Kentucky. Nimeenda mpaka nyuma ya TV na tochi kama mlivyosema, kwa kupitia matundu ya hewa nimeiona namba, inaanza na TP nukta. Nimemwita jirani na shemeji tumechungulia na ya jirani kwa tochi hiyo hiyo, nayo TP nukta, mpaka tarakimu za katikati zinafanana. Shemeji hajalala kwa furaha, ila la Tecno na Nigeria kanyamaza kimya kama hakuwahi kusema.

Sabufa nimeahirisha. Friji natafuta kwanza fundi halafu ndio friji.

Selotepu nimebandika. Remoti ya jirani haiizimi tena, tatizo na yangu nayo haiizimi, nainuka mpaka pale kwenye kioo. Fundi nimeacha upenyo mdogo sana au?

Fundi Risasi

Ongeza upenyo mkuu. Kama mchele mmoja, siyo kama uzi.